Daftari Liko Wapi?

Makosa yetu na klasta ya wingu, na swali ambalo tungelijibu mapema

"Wanangu, hapa jumla inasema sifuri."

Ndivyo Mama mweka hazina alivyotuamsha kwa simu Jumamosi moja ya Februari, saa moja asubuhi. Alasiri ya siku hiyo wanachama walikuwa wakutane nyumbani kwa mwenyekiti, hapa Woodbury, wahesabu michango ya msiba. Mwenzetu mmoja alikuwa amefiwa na mumewe, na familia ilitaka marehemu asafirishwe akazikwe nyumbani. Kwa zaidi ya wiki nzima watu walikuwa wakichanga na kutoa ahadi kupitia programu tuliyoitengeneza sisi wawili, wanafunzi wa sayansi ya kompyuta na wanachama wa klabu hii. Tulipofungua kompyuta tulikuta programu i hai, na taa zote ni za kijani. Ila ndani yake hapakuwa na jina hata moja.

Tumeamua kuyasimulia haya katika jarida la klabu kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wetu tunasomea kazi zitakazotukutanisha na mitambo ya namna hii, na ni heri mjifunze kwa makosa yetu kuliko kwa yenu. Pili, tulipochunguza tuliona kwamba kosa lilianzia kwenye maneno. Tulikuwa tumejifunza istilahi zote kwa Kiingereza, tukazitamka vizuri darasani, lakini siku tulipotakiwa kuzieleza kwa Kiswahili mbele ya wazee tulijikuta tunajibu tusichokijua.

Kaunta buku ya Mama

Woodbury iko mashariki mwa Saint Paul, kando ya barabara kuu ya I-94. Upande wa magharibi imepakana na Maplewood, yaliko makao makuu ya kampuni ya 3M. Watu wengi wa Afrika Mashariki wa eneo hili wanaishi ng'ambo ya pili ya jiji, Brooklyn Park na Brooklyn Center, kwa hiyo chama chetu cha kufa na kuzikana kina watu wa pande zote: Wakenya, Watanzania, Wakongo. Mikutano inazungushwa nyumba kwa nyumba. Ikifika zamu ya Woodbury, wa Brooklyn Park huendesha gari kwenye theluji wakilalamika njia nzima, halafu wakifika wanasahau kwa sababu ya pilau.

Hesabu zote zilikuwa katika kaunta buku ya Mama, ile yenye jalada gumu. Kila msiba una kurasa zake. Kushoto jina, katikati ahadi, kulia kilicholetwa. Shida ilikuwa usiku. Wanachama wengi ni wauguzi na watunza wazee, wanaoshika zamu za usiku. Mtu anapata mapumziko saa tisa usiku, anakumbuka msiba, anaandika ahadi yake kwenye kundi la WhatsApp. Asubuhi Mama anakuta jumbe 80, nusu zikiwa za pole na dua, na ahadi zimejificha katikati. Kuna mtu aliwahi kuulizwa kwa nini hajachanga, kumbe alichanga. Aliumia sana, na Mama akaumia zaidi.

Hapo ndipo tulipojitolea. Tukasema tutatengeneza programu ambayo mtu anaandika ahadi yake mwenyewe saa yoyote, na jumla inaonekana papo hapo.

Kwa nini tuliigawa

Programu kama hiyo inaweza kuandikwa kama kitu kimoja na kuwekwa kwenye seva moja. Sisi tuliigawa mara tano: huduma ya wanachama, huduma ya michango, huduma ya ujumbe wa simu, huduma ya ripoti, na lango linalopokea maombi yote na kuyaelekeza yanakotakiwa. Hizo ndizo huduma ndogondogo zinazosifiwa siku hizi.

Fikiria shughuli ya harusi. Ukimwachia mtu mmoja kila kitu, akiugua yeye harusi imeharibika. Ukiunda kamati, ya chakula, ya usafiri, ya mapambo, kila moja inafanya kazi yake, na kamati ya mapambo inaweza kubadili mipango yake bila kusimamisha sufuria za pilau. Hiyo ndiyo faida. Hasara yake anaijua kila aliyewahi kukaa kwenye kamati: sasa lazima kamati ziwasiliane, na mambo mengi huharibikia kwenye mawasiliano.

Tuseme ukweli. Chama chenye wanachama wasiofika 200 hakikuhitaji kamati tano. Sisi ndio tuliozihitaji, kwa ajili ya wasifu wetu wa kazi. Hapa Minneapolis iko kampuni ya Target. Mwaka 2018 wahandisi wake walieleza hadharani jinsi wanavyoendesha Kubernetes ndani ya maduka yao, na maduka hayo ni zaidi ya 1,800. Kila duka lina klasta yake ndogo, ili intaneti ikikatika duka liendelee kuuza. Tulisoma habari hiyo tukatamani. Tulitaka na sisi tuweze kusema kwenye usaili kwamba tumewahi kushika mtambo wa aina hiyo.

Kontena na rubani

Kwa wasiosoma kompyuta, tuanze na kontena la kweli. Tarehe 26 Aprili 1956 meli Ideal X iliondoka bandari ya Newark, New Jersey, kwenda Houston, Texas, ikiwa na makontena 58. Mwenye mpango huo alikuwa Malcom McLean, mfanyabiashara wa malori. Kabla ya hapo shehena ilipakiwa gunia kwa gunia mabegani mwa makuli, na meli ilikaa gatini siku nyingi. Kontena lilibadili kazi hiyo kwa sababu kreni haihitaji kujua kilichomo ndani. Iwe kahawa au viatu, boksi ni lilelile na linashikwa pembe zilezile.

Kontena la programu ni hivyo hivyo. Unafunga programu yako pamoja na kila inachokihitaji, kisha kompyuta yoyote inaweza kuiendesha bila kujua kilichomo. Njia hii ilienea sana baada ya Docker kutolewa mwaka 2013. Kile kifurushi kilichofungwa kinaitwa imeji. Kutoka imeji moja unaweza kuzalisha makontena mengi yanayofanana, kama unavyokata maandazi mengi kwa kikombe kimoja.

Makontena yakiwa mengi anahitajika mtu wa kuyapanga. Juni 2014 Google ilitangaza Kubernetes, mfumo uliotokana na uzoefu wake wa miaka mingi wa kuendesha mtambo wake wa ndani uitwao Borg. Toleo la 1.0 lilitoka Julai 2015. Jina ni la Kigiriki, maana yake mshika usukani, yaani rubani kwa maana ya zamani, kabla ndege hazijalichukua neno hilo. Nembo yake ni usukani wa meli. Walioitengenezea zana nao wakafuata mkondo huohuo: ipo zana iitwayo Helm, yaani usukani, na nyingine Istio, yaani tanga kwa Kigiriki. Tulipogundua hayo tulifurahi, maana lugha yetu ina msamiati wa bahari wa kutosha kuyaeleza yote.

Rubani huyu humpi amri hatua kwa hatua. Unamwandikia hali unayoitaka, kwa mfano "lango liwe na nakala tatu." Anaangalia zilizopo. Akikuta mbili anaongeza moja, akikuta nne anaondoa moja, na anarudia ukaguzi huo mchana na usiku bila kuchoka. Kontena, au makontena machache yanayosafiri pamoja, huwekwa ndani ya podi. Podi hukaa juu ya nodi, yaani kompyuta moja ya kundi. Kundi zima ndilo klasta.

Kuendesha klasta mwenyewe ni kazi nzito, kwa hiyo makampuni ya wingu huuza klasta inayosimamiwa. Google ilianza mwaka 2015, na Amazon na Microsoft zikafungua huduma zao kwa umma mwaka 2018. Kampuni inamtunza rubani, inaziba nyufa za usalama, inabadilisha nodi zilizochakaa. Wewe unaleta imeji zako na faili za maelezo.

Tulisoma neno "inayosimamiwa" tukapumua, tukidhani kila kitu kinasimamiwa.

Swali ambalo hatukulijibu

Siku ya kuonyesha programu tulikutana besimenti kwa mwenyekiti. Tulianza kwa shikamoo nyingi, kisha tukaunganisha kompyuta na televisheni. Tuliandika ahadi ya mfano, jumla ikapanda. Halafu tukafanya kiinimacho chetu: tulifuta podi ya lango mbele ya macho yao. Baada ya sekunde chache podi nyingine ikazaliwa, na programu ikaendelea kama kawaida. Wazee wakapiga makofi. Mzee mmoja akauliza kama tunaweza kumfanyia hivyo gari lake.

Mama mweka hazina hakupiga makofi. Alikuwa na kaunta buku mapajani.

"Sasa daftari liko wapi?" akauliza.

"Liko kwenye wingu, Mama."

"Wingu la wapi?"

Watu wakacheka, na sisi tukacheka nao. Swali lake lilikuwa na jibu, na lilikuwa swali zuri kuliko yote ya jioni ile. Wingu ni majengo yenye anwani. Google, kwa mfano, ina kituo kikubwa Council Bluffs, katika jimbo jirani la Iowa. Mitambo ya M-Pesa, ambayo wazazi wetu huitumia kila mwezi kusaidia nyumbani, ilikuwa Ujerumani hadi mwaka 2015 ilipohamishiwa Kenya. Hela za bibi kijijini zilikuwa zikiandikwa Ulaya, na kuna watu waliojua ni chumba gani. Mama alitaka ujuzi wa namna hiyo: kitu kilichoandikwa, kimeandikwa juu ya nini, na kinalindwa na nani.

Kama tungemjibu kwa uaminifu, kwa Kiswahili cha kawaida, tungesema hivi: "Mama, ahadi zinaandikwa katika hifadhidata. Hifadhidata tumeiweka ndani ya kontena. Kontena liko ndani ya podi, na podi, kama ulivyoona sasa hivi, inaweza kufutwa ikazaliwa nyingine." Tungefika katikati ya sentensi tukajisikia tunachosema. Angeuliza: "Na ikifutwa hiyo yenye daftari?"

Badala yake tulisema "wingu," na neno hilo likatufichia shimo. Siku chache baadaye msiba ukatokea. Programu ilipokea ahadi nyingi bila tatizo, na Alhamisi jioni tukamwambia Mama, kwa nia njema kabisa: "Pumzika, usijisumbue tena kuandika. Programu inaandika."

Saa kumi alfajiri

Kubernetes hutoa matoleo matatu kwa mwaka, na kila toleo hutunzwa kwa takriban miezi 14. Kwa hiyo anayekuuzia klasta inayosimamiwa lazima azisasishe nodi mara kwa mara. Ni wajibu wake, na tulikuwa tumekubali wenyewe, kwa kubofya kitufe, kwamba kazi hiyo ifanyike usiku.

Alfajiri ya Jumamosi ile kila kitu kilikwenda kama kilivyoandikwa kwenye maelekezo. Nodi ya zamani ilizuiwa isipokee podi mpya. Podi zilizokuwa juu yake ziliondolewa kwa utaratibu. Nodi mpya ikaletwa. Rubani akatazama orodha yake, akaona inatakiwa podi moja ya hifadhidata na haipo, akaiunda kutoka kwenye imeji. Imeji ni kifurushi cha siku ya kwanza. Ndani yake mna programu ya hifadhidata, hamna ahadi za watu. Zile ahadi zilikuwa zimeandikwa kwenye diski ya muda ya podi ya zamani, nayo ilikwenda pamoja na podi yake.

Baya zaidi, tulikuwa tumeandika msimbo wa kuanzisha unaosema: kama hakuna majedwali, yaunde. Haukukuta majedwali, ukayaunda, matupu. Ndiyo maana hakuna kilicholalamika. Klasta hupima afya ya podi kwa kuiuliza swali, na swali tuliloliweka sisi lilikuwa "upo?" Podi ikajibu "nipo." Hatukuwahi kuiandikia swali la "unakumbuka?"

Klasta ina daftari lake pia, liitwalo etcd. Humo mmeandikwa podi ngapi zinatakiwa, za imeji ipi, zikae wapi. Kampuni inalitunza daftari hilo kwa makini, na lilikuwa salama asubuhi ile. Lakini hilo ni daftari la nahodha kuhusu meli. Kilichomo ndani ya makontena ni juu ya mwenye shehena. Hatuwezi kumlaumu mtu mwingine, maelezo yote yalikuwapo na tungeweza kuyasoma. Njia ya kuiomba klasta diski ya kudumu, isiyokufa pamoja na podi, imekuwapo kwa miaka mingi. Hatukuiomba.

Na kile kiinimacho cha besimenti? Tulifuta podi ya lango, ambayo haikumbuki chochote. Tungefuta ile ya hifadhidata, tungeumbuka mbele ya wazee na ahadi moja ya mfano ingepotea. Ingekuwa aibu ya dakika mbili.

Mezani kwa Mama

Kufika saa tatu tulikuwa mezani kwake. Hatukujua tuanzeje kumweleza. Alituwekea chai ya tangawizi, akafungua kaunta buku, akasema, "Haya, tuanze na tulichonacho."

Tulichokuwa nacho ni hiki. Fedha zilizokwisha kutumwa zilionekana kwenye akaunti ya benki ya chama, hizo hazikupotea. Ahadi za mpaka Alhamisi jioni zilikuwa kwenye kaunta buku. Zilizopotea ni ahadi za usiku mbili na siku moja, tangu tulipomwambia apumzike.

Mwenzangu ndiye aliyekumbuka huduma ya ujumbe. Kila aliyeahidi alitumiwa ujumbe wa shukrani wenye kiasi chake. Kwa hiyo kumbukumbu ilikuwapo, imetawanyika katika simu za watu. Mama akaandika kwenye kundi la WhatsApp, kwa heshima, bila kututaja: aliyepokea ujumbe wa asante tangu Alhamisi usiku, tafadhali aturushie picha yake. Picha zikaanza kuingia. Tukawa tunasoma, yeye anaandika. Waliokuwa wametoka zamu ya usiku walikuwa wamelala, kwa hiyo tukasubiri hadi saa sita mchana ndipo tukaanza kupiga simu. Kila simu ilianza kwa salamu ndefu, kisha swali la aibu: "Samahani Mjomba, uliahidi shilingi, yaani dola, ngapi?" Hakuna aliyetukaripia. Mmoja alisema kiasi, akanyamaza, halafu akaongeza juu yake.

Mpaka saa ya mkutano tulikuwa tumezirudisha ahadi zote isipokuwa tatu. Tulijua kwamba ni tatu kwa sababu ujumbe wa mwisho wa shukrani ulikuwa na namba ya ahadi, na tulipohesabu namba zilizopatikana tukakuta mapengo matatu. Hatujui hadi leo ni za nani. Huenda walitoa tu bila kusema neno. Huenda walingoja kukumbushwa, na hawakukumbushwa.

Alasiri tulisimama mbele ya wanachama tukaeleza. Mfiwa alikuwapo, amekaa kwenye kochi na khanga mabegani. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Kwa darasa, kupoteza data ni alama zilizokatwa. Pale ilikuwa ni mama mtu mzima anayetazama watoto wa wenzake wakisema kwamba hawajui ni nani aliyemkumbuka. Mwenyekiti alitushukuru kwa kusema ukweli, akaomba mweka hazina asome jumla. Alisoma kutoka kwenye kaunta buku. Fedha zilitosha, na marehemu alizikwa nyumbani.

Tulichobadilisha

Wiki iliyofuata tuliivunja klasta. Huduma tano tukazirudisha kuwa programu moja, kwenye seva moja ndogo, na hifadhidata tukaiweka kwenye huduma inayojitegemea, inayotengeneza nakala ya akiba kila usiku. Mara moja kwa mwezi tunaichukua nakala hiyo, tunairejesha kwenye kompyuta nyingine, na Mama analinganisha jumla na kaunta buku. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni matumaini tu.

Kulikuwa na sababu ya fedha pia. Kwa bei za kawaida za makampuni makubwa, kusimamiwa klasta moja ni senti 10 za dola kwa saa, ambazo kwa mwezi ni kama dola 73, kabla hujaendesha programu yoyote. Ongeza kigawa mzigo, zaidi ya dola 15. Ongeza nodi tatu. Miezi ya kwanza tulikuwa tunatumia salio la bure wanalopewa wateja wapya, kwa hiyo hatukuhisi maumivu. Salio lingeisha, na bili ingeangukia mfuko wa msiba. Mjane angekuwa analipia wasifu wetu wa kazi.

Hatusemi klasta ni mbaya. Ukiwa na timu kumi zinazobadili programu kila siku, au maduka 1,800 yasiyotakiwa kufungwa, rubani asiyelala ana thamani kubwa. Lakini hata wakubwa huumia. Mwaka 2019 mhandisi mmoja wa Target aliandika jinsi hitilafu ya mtandao ilivyosababisha programu ndogo za kukusanya kumbukumbu zizielemee nodi. Nodi zikaonekana wagonjwa, rubani akahamisha podi kwenda nodi nyingine, nazo zikaelemewa, ikawa mzunguko. Funzo alilolitoa ni kwamba klasta ndogo nyingi ni bora kuliko moja kubwa. Tunapenda kwamba aliandika. Makala yake ilitusaidia kupata ujasiri wa kuandika hii.

Maswali matano kabla ya kupakia

Tumeyaandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Ukishindwa kuyajibu kwa lugha anayoielewa mweka hazina wako, usipakie bado.

1. Ni kitu gani humu ambacho kikipotea hatuwezi kukitengeneza tena? Kimeandikwa wapi hasa?

2. Nikiiua podi hii sasa hivi, nini kinapotea? Usikisie. Iue kabla watu hawajaanza kuitumia.

3. Nakala ya akiba iko wapi, na mara ya mwisho tuliirejesha lini?

4. Salio la bure likiisha, nani atalipa?

5. Saa kumi alfajiri kikiharibika, nani ataamka, na atajuaje kwamba kimeharibika ikiwa taa zote ni za kijani?

Maneno tuliyotumia

Walimu wetu watatusahihisha, na tunakaribisha masahihisho.

Klasta: kundi la kompyuta zinazofanya kazi kama moja.

Nodi: kompyuta moja ndani ya kundi hilo.

Imeji: kifurushi kilichofungwa ambamo makontena huzalishwa.

Kigawa mzigo: kifaa kinachogawa maombi ya watumiaji kwa nakala mbalimbali za huduma.

Diski ya kudumu: hifadhi isiyokufa pamoja na podi.

Podi: hapa tumegawanyika. Mwenzangu anataka tubaki na "podi," kwa kuwa ndilo linalosikika. Mimi napendekeza "podo," lile la kuwekea mishale, kwa sababu podo moja hubeba mshale mmoja au zaidi, na zote huenda pamoja anakokwenda mwindaji. Tutalipigia kura kwenye mkutano ujao wa klabu. Njooni na hoja zenu.

Mama ameulizwa naye. Alisema tuite tunavyotaka, mradi tusimwambie tena apumzike. Programu mpya inafanya kazi, na ahadi za usiku zinaingia zenyewe. Kila asubuhi anazisoma kwenye simu, anavaa miwani, na anazinakili moja moja kwenye kaunta buku.